Pale Tunaporuka

Kama simu yako iko karibu, usome huku umeiwasha, maana nitakutajia nyimbo za kusikiliza na sitaki kesho uniambie umesahau. Anza na ule tuliouita Mulango. Jina lake la kweli usiniulize, sikulijua. Utautambua kwa sababu unaanza na mulango unaobamizwa, kweli kabisa, pa!, halafu magitaa yanaingia yote kwa pamoja, na mwanaume mumoja anapiga makelele juu ya jambo ambalo mpaka leo sijalielewa, na kabla hujamaliza kutia chumvi kwenye mboga wimbo umekwisha. Umekwisha! Unabaki umesimama na kijiko mukononi, moyo unakimbia, na unaurudisha mwanzo. Mutoto wangu Glody, ambaye anajua kila kitu kwa sababu ya simu, ananiambia namna hiyo ya muziki inaitwa panki, na ile nyingine yenye tarumbeta inaitwa ska. Sawa. Siye tulizipenda kabla hazijawa na jina, na nakuambia, hazikupungua utamu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu Wivine amerudi. Miaka mingi anakaa Kampala na bwana yake, tunasalimiana kwa simu tu, sasa amekuja Bunia kunitembelea wiki ya Sikukuu ya Mavuno. Alifika hapa kwangu Saio Ijumaa mangaribi, na valizi mbili na kilemba kikubwa, tukakumbatiana na kupiga vigelegele mpaka majirani wakatoka kuangalia kama kuna harusi. Nilikuwa nimemupikia lituma, ndizi zilizopondwa na maharagi, na samaki wa Tchomia wa kukaanga. Hakukaa hata kwenye kiti. Akauliza: "Neema, ile koti iko wapi?" Nikamwambia panya wamekula mukono mumoja. Akasema: "Basi ilete na ule uliobaki." Ndipo nikajua hatutalala mapema siku hizo, na kwamba mwaka ule wote utarudi kukaa nasi mezani.

Mwaka ule watu walikuwa wameanza kurudi mujini baada ya vita, kila siku unasikia nyundo mahali fulani mutu anapigilia bati, na siye wawili tulikuwa na umri ule wa kudhani tunajua kila kitu. Tulikaa chumba kimoja nyuma ya duka la Ya Kambale, kwenye mutaa, kartye ya Lumumba. Ya Kambale, yaani kaka Kambale, alikuwa mutu wa Butembo, mufupi, mwenye kucheka na tumbo lote, na kazi yake ilikuwa kuchajia watu simu na kuwachomea nyimbo kwenye CD. Miye nilikuwa mufanyakazi wake. Wivine aliuza essence, yaani petroli, mbele ya duka, kwenye chupa za maji zilizopangwa juu ya kibao, na antonwari, ile faneli ya kuimiminia kwenye mapikipiki. Kati ya chumba chetu na duka kulikuwa na ukuta wa mbao tu, na mbao zenyewe zilikuwa zimekauka na kuachana, kwa hiyo tulikula tukisikiliza maisha ya watu. Mama mumoja anamupigia bwana yake aliye Aru na kumutukana polepole ili salio lisikwishe. Kijana anaomba wimbo wa mapenzi, halafu anarudi kesho kuomba ufutwe. Chakula chetu kilikuwa na harufu ya essence kila siku, hata tukinawa na sabuni, na siku tuliyopata sombe, majani ya muhogo, kwa jirani Wivine akasema haina ladha, imekosa kitu.

Sasa huyu Wivine alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: tarumbeta. Kanisa letu la Saio lilikuwa na fanfare, wanaume wenye tarumbeta, trombone na ngoma kubwa, na kila Jumamosi walifanya mazoezi uwanjani. Wivine alikuwa anaacha chupa zake za essence, ananiambia niziangalie, na anaenda kusimama kwenye ukuta kuwatazama vidole. Ndani ya chumba cha vyombo kulikuwa na tarumbeta moja inayoning'inia kwenye musumari. Mwenyewe alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu Mongbwalu na hakutuma hata salamu. Siku moja Wivine akajikaza, akamufuata kiongozi wa fanfare, ambaye siye wote tulimwita Maestro, muzee mwembamba mwenye kofia ya sufi jua au mvua. Nilikuwa pale, nilisikia kwa masikio yangu.

"Maestro, ile tarumbeta ya kwenye musumari iko ya nani?"

"Iko ya kanisa."

"Na nani anaipulizaka?"

"Musumari," Maestro akasema.

"Basi munipatie miye, musumari ipumuzike."

Wanaume wakacheka. Maestro hakucheka. "Binti, banamuke banaimbaka. Korali iko pale, nafasi iko mingi. Ukivimbisha mashavu hivi kila siku, nani atakuoa?"

"Mwenye kupenda mashavu," Wivine akajibu, akaondoka na kichwa juu. Lakini njiani alikaa kwenye jiwe akalia, na alilia vibaya. Halafu akafika nyumbani, akachukua antonwari ya essence, akaichomeka kwenye kipande cha mupira wa maji, akapuliza. Ilitoa sauti ya mbuzi mugonjwa. Ya Kambale akaita kutoka dukani: "Nani amekufa huko?" Tangu siku hiyo alipuliza kila asubuhi, na kabla mwezi haujaisha mbuzi alikuwa amepona na alianza kuimba.

Koti lilikuja na nguo za balo, mitumba. Unajua balo zinafunguliwa asubuhi sokoni, na asubuhi ya Bunia ina baridi ya kweli. Mama muuza nguo alikuwa ameliweka pembeni kwa sababu hakuna aliyelitaka: jeusi, zito, na mapini ya chuma kila mahali, mengine kwenye mabega, na maandiko meupe mugongoni. Watu walisema ni nguo ya mufungwa. Wivine alilivaa, likamufika magotini, akasema mufungwa huyu hakusikiaka baridi, na mama akamuachia karibu bure ili amuondolee mukosi. Tulipofika nyumbani tukasikia kitu kigumu kwenye bitana. Tukafumua. Ilikuwa CD, ndani ya kartoni iliyochorwa miraba myeusi na myeupe kama ubao wa dama. Hakuna jina, hakuna picha ya mutu. Ya Kambale akaitazama huku na huku, akaipuliza, akaiweka kwenye mashine, na groupe, jenereta yake, ilikuwa inanguruma nje, na Mulango ukabamizwa, pa!, na wateja watatu waliokuwa wanasubiri simu zao wakaruka kutoka kwenye benchi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nataka utafute kalamu. Baada ya Mulango unakuja ule tuliouita Baskeli Haina Freni. Ukiusikia utaona mwenyewe: ngoma inashuka mulima, gitaa linajaribu kuikamata, haliwezi, na muimbaji anacheka katikati ya wimbo, anacheka kabisa, na hawakukifuta kicheko chake. Usiusikilize ukiwa umekaa. Kuna Mama Anaita, wa mwanamuke mwenye sauti kavu anayerudia neno moja tu mpaka unaanza kumuitikia. Huo ni wa kufulia nguo, nguo zinatakata zenyewe. Kisha CD inabadilika. Panki inakwisha, na tarumbeta zinaingia. Aka! Gitaa halipigi tena pale mguu unapokanyaga, linapiga pale mguu unaponyanyuka, chka, chka, chka, na mabega yako yanakubali kabla hujayaomba ruhusa. Wa kwanza ni Shemeji Amechelewa, wa polepole, una trombone inayosema kama mutu anayeomba musamaha huku anajua atasamehewa. Huo uusikilize jioni, na chai. Lakini wa mwisho, ule wa mwisho, kama una nafasi ya wimbo mumoja tu katika maisha yako, acha yote niliyotaja uchukue huo. Wakati ule haukuwa na jina kwetu. Tarumbeta mbili zinapanda ngazi, zinapanda, zinapanda, na mara ya nne, pale zinapotaka kutua, hazitui: wimbo unaruka, tak!, umeshafika mbele, na mguu wako umebaki hewani. Tulikuwa tunaungojea mahali pale tukiwa tumeshikana mikono. Kila mara uliruka palepale. Ya Kambale, ambaye kuchoma CD ilikuwa kazi yake, alisema: "Batu wa muziki huu wako na akili. Hapa wametukata mutama." Akaunakili kwenye komputa yake, na huko pia ukaruka.

Maestro alikuja kuchajisha simu. Alikaa kwenye benchi na kofia yake ya sufi, na wimbo wa mwisho ukaanza, nikamwona anainua kidole. Hakuna aliyemudanganya, naapa. Yeye mwenyewe aliuliza: "Hii fanfare iko ya kanisa gani?" na kabla hatujafungua mudomo akajijibu: "Ya Ulaya. Tarumbeta ya namna hii inapulizwaka na batu wenye kuomba." Tukamuonyesha kartoni. Akaitazama ile miraba, akatikisa kichwa kwa heshima: "Nyeusi na nyeupe. Masista." Ya Kambale aliingia chini ya meza akijifanya anatafuta waya, tumbo lake likawa linatikisa meza. Kwa haki ya Maestro, hapa kwetu tarumbeta ulizisikia wapi? Kanisani na kwenye maziko. Baa zilikuwa na gitaa. Muzee alifikiri kwa akili aliyokuwa nayo, na alisema: "Wimbo hii njo ya Mavuno."

Sasa lazima nikueleze sheria ya fanfare ile, sheria aliyoiweka Maestro mwenyewe. Wapigaji wake walikuwa wavivu wa kutafuta nyimbo mupya, basi alisema: mwenye kuleta wimbo ndiye anayewafundisha wengine, na siku ya kwanza kanisani ndiye anayesimama mbele na kuuongoza, hata awe ndiye mudogo kuliko wote. Maestro alitaka kuuleta yeye. Alikuja dukani siku baada ya siku, anasikiliza, anaimba kwa pua, anakwenda uwanjani, na akifika uwanjani ngazi zimemutoka kichwani. Mwendo ulikuwa unamushinda. Alipiga wimbo ule kama wa maziko. Wapigaji wakalalamika. Jumamosi moja, muzee amekasirika, kofia iko mukononi, Wivine akasema kutoka ukutani: "Maestro, samahani, haiko hivyo." Akauimba wote kwa mudomo, tarumbeta ya kwanza, halafu ya pili, na kuruka akaruka, na vidole vyake vilikuwa vinabonyeza hewa.

"Rudia," Maestro akasema.

Akarudia. Akawafundisha mumoja mumoja, mama wa essence ndani ya koti la mufungwa, anawapigia makofi pale mguu unaponyanyuka. Mupiga ngoma kubwa ndiye aliyeteseka, alikuwa amezoea kupiga chini tangu kuzaliwa. Na walipoushika, mutu wa trombone akafuta jasho akasema kwa sauti, ni kama hakukusudia lolote: "Maestro, sasa sheria yetu inasema nini?"

Maestro alimutazama vibaya. Halafu alitutazama siye wote. Miye nilikuwa nimeshika mukono wa Wivine. Muzee akaingia chumba cha vyombo, akakaa humo muda, akatoka na tarumbeta. Akaipangusa kwenye shati lake. "Kwa siku moja," akasema. "Siku ya Mavuno. Baada ya hapo inarudi kwenye musumari. Na Pasta akiuliza, miye nilikuwa ninaumwa."

Siku moja! Yule mutoto alilala na tarumbeta kitandani, miye nikalala ukutani na lile domo la chuma lenye bonde mugongoni mwangu. Hakuwa na furaha moja kwa moja. Aliniambia: "Neema, ni vibaya zaidi kuionja." Lakini asubuhi ya Mavuno alipiga koti lake burashi, akafunga kitenge juu ya magoti, akatangulia.

Nawaambia wote ambao hawakuwepo: mulikosa. Watu walikuwa wamepanga mustari mpaka nje kupeleka mavuno mbele, mihogo, ndizi, viazi, maharagi ndani ya masinia, kuku mikononi. Nyuma yangu shemasi mumoja ananung'unika: "Mutoto mwanamuke mbele ya fanfare? Tutaona nini tena?" Wivine akainua tarumbeta. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Mabega ya mamama yakaanza. Ya tatu. Ya nne, na wimbo ukaruka, na kanisa zima likajikwaa! Mama mumoja akaachia kuku wake, kuku akapita juu ya meza ya Bwana, watoto wakapiga kelele. Nikafunga macho nikasema basi, tumekwisha. Lakini wimbo ulikuwa unarudi, ngazi zinapanda tena, na safari hii watu walijua. Walingojea. Na ilipofika pale waliruka wote, na masinia kichwani, miguu ikatua pamoja na vumbi likapanda mpaka kwenye madirisha. Yule shemasi nilimwona kwa macho yangu yuko hewani. Walipomaliza, Pasta akafuta uso wake kwa leso, akaja karibu na Wivine.

"Binti, nani alikufundisha kuruka pale?"

"Wimbo yenyewe, Pasta."

"Basi rudieni," Pasta akasema. "Kuna wengine bado na mavuno mukononi."

Walirudia mpaka watu waliokwisha kutoa wakarudi nyumbani kutafuta kitu kingine cha kutoa, ili tu wapite tena. Baadaye Wivine alikwenda mwenyewe chumba cha vyombo kurudisha tarumbeta, kwa sababu neno ni neno. Nilimusindikiza. Tulimukuta Maestro amepanda juu ya kiti, na nyundo, anang'oa musumari. Ulikuwa umeingia ndani sana, ilimuchukua nguvu. Aliutia mufukoni, akashuka, akasema bila kutuangalia: "Jumamosi usichelewe." Wivine alimurukia shingoni, kofia ikaanguka, na muzee akasema "Eh, eh, eh, tarumbeta, angalia tarumbeta!"

Maestro ametangulia, Mungu amuweke vizuri. Tundu la musumari bado liko ukutani. Wivine alipiga mbele ya fanfare mpaka alipoolewa, na kweli aliolewa na mwenye kupenda mashavu, fundi wa Kampala aliyemsikia kwenye harusi ya mutu. Huko Kampala anafundisha watoto wa shule tarumbeta, kazi ya kusaini na mushahara. Wimbo ulibaki. Korali iliutia maneno ya Kiswahili, unaitwa Leta, na hakuna Mavuno bila Leta.

Mwaka jana Glody alinijia na simu yake. "Mama, uimbe kidogo ule wimbo yenu." Nikamuimbia, akatafuta, akapata. Ulikuwa wenyewe, tarumbeta zilezile! Nikaanza kucheza hapo jikoni. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, nikaruka, na wimbo haukuruka. Ulitua taratibu kabisa, ukapumzika, ukaendelea na safari yake, na miye niko hewani peke yangu. Nikamwambia: "Simu yako imeharibika." Akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, njo CD yenu ilikuwa na mukwaruzo." Nilikasirika, sikufichi, nilikasirika siku mbili. Nikamupigia Wivine. Akasema: "Nilijua zamani, Neema. Huku nawafundishaka watoto vile inavyoandikwa. Sikutaka kukuharibia." Nikamwambia vile inavyoandikwa ni wimbo mubovu. Na usikilize zote mbili, weye unayesoma, uniambie kama ninadanganya.

Basi Jumamosi hii, kesho yake Mavuno, tulishuka uwanjani pa kanisa, Wivine ndani ya koti la mukono mumoja. Vijana wa fanfare hawakumujua. Niliwaambia mama huyu anajua kupuliza kidogo. Wakamukaribisha kwa adabu, wakamupa tarumbeta ya akiba, na pembeni yake alisimama binti wa miaka kumi na kitu, tarumbeta ya kwanza, ameshika ile yetu ya musumari, nilitambua lile bonde kwenye domo lake. Leta ukaanza. Ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne, fanfare yote ikaruka, na sauti ya Wivine ikatua peke yake, taratibu, vile inavyoandikwa.

Wakaacha kupiga. Yule binti akamugeukia, hakutaka kumuaibisha, akasema kwa upole: "Pole, mama. Umekosea. Hapa tunarukaka."

"Nani aliwafundisha?"

"Hakuna mutu. Iko vile tangu zamani."

Wivine akanitafuta kwa macho pale ukutani nilipokaa. Mashavu yake yalikuwa yanatetemeka, na miye nilikuwa nimejiziba mudomo kwa kitenge. Halafu akamugeukia yule binti, akainua tarumbeta, akasogea nusu hatua nyuma yake.

"Basi nifundishe, mama," akasema.